Safu ya Kasoro

Mzee mpiga picha alikuwa na daftari saba za kazi yake, na kwa watu wote walioandikwa humo alikuwa na amri moja: mikono magotini. Ukimkalisha mtu kitini, alisema, uso utajitunza wenyewe, lakini mikono ni mitundu, usipoipa kazi itakuharibia picha. Kwa hiyo tangu miaka ya Uhuru mpaka pale karatasi za picha zilipoadimika, watu wa Musoma, Bunda na Butiama walikaa mbele ya kamera yake mikono magotini, kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa na daktari. Aliyepakata mtoto aliruhusiwa mkono mmoja wa kumshikia. Wa pili, gotini.

Nilikwenda kufanya kazi kwake nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja barua ya ajira ambayo haikuja. Nilikuwa nakaa Kamunyonge kwa baba mkubwa, nikichota maji na kumsikiliza mke wake akinikumbusha vikombe nilivyovunja. Studio ya mzee ilikuwa mjini, karibu na soko: chumba cha mbele chenye pazia lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, meza ya maua ya plastiki, na koti moja jeusi la kuazima ambalo nadhani nusu ya wanaume wa mkoa waliwahi kulivaa. Nyuma kulikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Mtu alimwona, lakini mwandiko wake mwenyewe ulikuwa umeshamshinda. Alitaka mwenye macho amsaidie kupanga negativu, yaani zile filamu zilizokwisha kusafishwa, ambazo nywele nyeusi zinaonekana nyeupe na shati jeupe linaonekana jeusi. Zilikuwa ndani ya makopo ya biskuti, ndani ya maboksi ya viatu, nyingine ndani ya sufuria iliyotoboka, kila moja imefungwa kwenye karatasi ya daftari la shule yenye namba. Picha zenyewe ambazo watu hawakuja kuzichukua aliziweka kwenye sanduku la mbao, kwa kuwa hakukubali kuichoma picha ya mtu, mpaka mchwa walipozichukua wao.

Nilikubali siku hiyo hiyo. Nilikuwa na sababu yangu, na ni afadhali niiseme mapema, msije mkanidhania mpenda kazi.

Mama yangu alifariki nikiwa sijatimiza miaka miwili. Sina kumbukumbu yake hata moja, si ya sauti wala ya harufu. Baba alikwenda Mwanza kutafuta kazi, akaoa huko huko, nami nikalelewa na mama mdogo, aliyezaliwa tumbo moja na mama. Nyumbani hapakuwa na picha. Lakini mama mdogo aliniambia tangu nilipoanza kuuliza kwamba mama alipiga picha mara moja maishani mwake, kule Bunda, siku walipokwenda kuuza pamba, mbele ya mpiga picha aliyetoka Musoma na pazia lake.

"Alikuwaga amependeza," alisema. "Kanga mpya, nywele amesuka, amepakata mtoto."

Picha haikufika nyumbani. Kwa nini haikufika hakusema, nami sikuuliza, kwa sababu nilikuwa nimeshalishika lile neno la mwisho na sikutaka lingine. Amepakata mtoto. Mtoto wake ni mimi, pekee. Basi mahali fulani palikuwa na picha ya mama yangu amenipakata, na mpiga picha aliyekuwa akitoka Musoma kwenda Bunda na pazia msimu wa pamba alikuwa mmoja tu. Nilikua nayo hiyo picha kichwani. Nilipopigwa na watoto wenzangu nilijifariji nayo, na nilipokuwa na homa bwenini nilijiweka pale mapajani na kufumba macho.

Mzee sikumwambia. Niliogopa ataniambia hiyo nayo ililiwa. Mwenye tumaini moja haendi kulipimisha.

Nilianza kupanga kwa alfabeti, kama maktaba ya shule yetu ilivyopangwa. Nilitengeneza boksi la kila herufi, la X nalo, maana alfabeti ni alfabeti. Mzee alikaa mlangoni na ugali wake wa muhogo na samaki furu wa kukaanga, akinitazama. Kufika siku ya sita boksi la M lilikuwa limefurika, nimeongeza la pili, na la tatu nilikuwa naliazima dukani. Mama fulani, Mama fulani, Mama fulani, Mzee wa duka, Mwalimu wa Butiama, Mjumbe wa nyumba kumi, Mama fulani tena.

"Mwalimu," mzee akaniita. Hilo ndilo jina alilonipa kwa sababu ya kidato changu cha nne. "Naona watu wote umewaingiza ukoo mmoja."

Nilikasirika, kwa kuwa alikuwa anasema kweli. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linakwenda kulala. Ukimwuliza mwenyewe, tena mbele ya daftari, anakupa jina la kifungua mimba wake. Nilikuwa nayajua hayo tangu nimezaliwa. Shule ndiyo iliyonipa akili ya kuyasahau.

Nikafumua yote, nikapanga kwa mahali. Hapo nako nikakwama. Mzee alikuwa ameandika kama watu walivyomwambia wakati ule: kwa fulani ng'ambo ya mto, kwa fulani kwenye majabali. Ilipokuja operesheni ya vijiji, watu walibeba milango yao na mabati yao wakaenda kukaa kwenye mistari, na makazi yale ya zamani yakabaki majivu na minyaa ya ua. Siku moja alikuja baba wa makamo kutoka upande wa Bunda kutafuta picha ya marehemu baba yake. Akataja kijiji chake, kijiji kipya chenye jina la kwenye mikutano. Nikafungua daftari, hakimo. Nikamwuliza mlikuwa mnakaa wapi zamani? Akafungua mdomo, akaanza kunielekeza kwa mkono, kushoto kwa mti gani, chini ya kilima gani, kana kwamba tungeweza kutoka mlangoni tukaenda. Kisha akaushusha mkono. Tuliipata picha ya baba yake siku ya tatu, kwa bahati, na mzee akamwambia ataisafisha karatasi zikija.

Kwa hiyo nikaja na mpango wa tatu, na huo najivunia hadi leo. Nilikata kadi kutoka maboksi ya sigara, kila kadi nikaandika jina la kifungua mimba, na chini yake namba za negativu za mama yake na baba yake. Mtu akija nauliza tu, wa kwanza kwenu anaitwa nani? Ulimwengu mzima ukakaa sawa. Mzee alizigusa kadi zile kwa vidole, kwa vile kusoma hakuweza, akasema, "Sasa hapa umefanya kazi."

Kila nilipoandika kadi nilisoma mstari mzima wa daftari. Mistari yake ilikuwa na safu tano: namba, mahali na mwezi, jina, vichwa, kasoro. Vichwa ni idadi ya watu waliomo pichani. Kasoro ni kilichoharibika, kwa maoni ya mzee. "Amefumba macho." "Mtoto amecheza." "Mbuzi amepita." Kwa Butiama aliandika picha kadhaa za watu waliojipanga barabarani kungoja msafara, na kwenye kasoro akaweka, "Msafara haukutokea." Mahali pengi palikuwa na neno moja, "Kicheko."

"Mzee, kicheko nacho ni kasoro?"

"Nilikuwa nimemwambia atulie."

"Lakini amependeza!"

"Andika unachokiona, mwalimu. Kupendeza kaandike kwenye barua zako."

Tulibishana hivyo kila siku. Na kila siku, chini ya mabishano, nilikuwa natafuta.

Nilitafuta "Mama" likifuatwa na jina langu. Kwenye mistari yote ya Bunda hakuwemo. Nikatafuta jina lake la ubatizo, na la ukoo, na la baba. Nikarudia upya, safari hii nikiacha daftari na kutazama negativu zenyewe, kila mwanamke wa Bunda aliyepakata mtoto. Nilizinyanyua dirishani moja moja. Wote walikuwa na nywele nyeupe kama vikongwe, na watoto wao nao walikuwa na nywele nyeupe, na kwa kila mmoja nikauliza kimoyomoyo, ni wewe? Lakini namuulizaje mtu nisiyeujua uso wake? Huo ndio uchungu wenyewe. Ningeweza kuwa nimeshampita mara mbili. Kuna mchana niliweka kichwa mezani nikalia, na mzee kule mlangoni akajifanya macho yake mabovu hayaoni hata hilo.

Pasaka nilikwenda kwa mama mdogo. Operesheni ilikuwa imempeleka kijiji cha karibu na Butiama, nyumba ya tatu kwenye mstari, minyaa ya ua wake ndiyo kwanza inaanza kushikana. Alikuwa anapeta mtama. Sikungoja hata chai.

"Mama mdogo, ile picha ilipigwa kweli, au ulikuwa unaninyamazisha tu?"

"Ilipigwa. Nilikuwepo. Mimi ndo nilishikaga mzigo."

"Haimo. Nimetafuta miezi mitano."

Akapeta kidogo, akasimama. "Umetafuta kwa jina la nani?"

"Langu. Si mlikuwa mnamwita hivyo?"

Akaweka ungo chini. "Twende tukachume kunde," akasema, na kunde hazikuwa zimekomaa.

Tulitoka nje ya ua, tukapita nyumba ya mwisho ya mstari, tukafika kwenye njia ya mashamba. Hapo ndipo aliposimama na kutaja jina la mwanaume ambalo sijawahi kulisikia kwetu. Alilitaja kwa sauti ndogo, uso ameugeuzia mashambani.

"Huyo alikuwa kaka yako. Alikutanguliaga. Surua ilimchukua, wewe hujazaliwa bado. Bibi yako akakataza jina lake lisitajwe tena ndani ya ua, akasema mama yake akilisikia atainuka kwenda kumtafuta. Ulipozaliwa tukaanza kumwita mama yako kwa jina lako, na yeye akaitikia."

"Kwa hiyo mtoto wa kwenye picha..."

"Ni yule. Mpiga picha aliporudi kugawa picha, sisi tulikuwa matangani. Nani angeenda?"

Nikamwambia maneno ambayo hayafai kumwambia aliyekulea. Nikamwambia amenidanganya miaka yote.

"Sijakudanganya, mwanangu. Nilisema amepakata mtoto. Wewe ndo ulisema ni wewe. Ulikuwa mdogo hivi, umefurahi, umeshakaa pale mapajani pa mama yako. Ningekushushaje?"

Tulirudi bila kunde.

Musoma nilifika Jumanne, nikaenda studio na vumbi langu. Kadi yenye jina lile ilikuwepo. Niliiandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, mwezi wa pili wa kazi, nikaipita nikitafuta jina langu. Namba ikanipeleka kwenye kopo la biskuti la tatu. Nikafungua karatasi, nikainyanyua negativu dirishani, na pale palikuwa na mwanamke mwenye nywele nyeupe, bibi kizee ambaye mama yangu hakupata nafasi ya kuwa, amepakata mtoto mnene wa kiume.

Nitasema nilichohisi, ingawa si kizuri. Nilimwonea wivu marehemu. Mtoto hata miaka miwili hakufika, aliyekufa kwa surua, na mimi nilitaka kumtoa pale kwa mikono yangu. Picha niliyokua nayo ilikuwa yake. Homa zangu za bwenini nilikuwa nimezilalia mahali pa mtu mwingine.

Nikamweleza mzee yote. Alisikiliza, akanawa mikono, akatoa kabatini bahasha ya karatasi za mwisho alizokuwa akiwawekea watu wa picha za vitambulisho. "Njoo uwe macho yangu," akasema.

Katika mwanga mwekundu wa chumba cha giza nilimwongoza kwenye mashine ya kukuzia picha: ongeza, punguza, sasa imetulia. Karatasi ikaingia kwenye beseni la dawa. Kwanza ilikuja kanga, kisha mikono, kisha uso. Nilikuwa nimetegemea uso mpole, uso wa mama za watu. Kumbe alikuwa msichana wa rika langu mimi, amekunja paji la uso kwa jua la Bunda, amemkazia macho mpiga picha kama anayetaka kumbishia. Nikacheka na machozi yananitoka. Ukorofi wangu, ambao mke wa baba mkubwa alikuwa akiuliza kila siku nimeutoa wapi, nilikuwa naushika kwa koleo ndani ya maji.

"Vipi?" mzee aliuliza.

"Amenuna."

"Wengi walinuna."

Picha ilipokauka nilitaka kurudisha negativu mahali pake, na kwa mazoea tu nikafungua daftari la nne kuhakikisha mstari. Nilikuwa nimeusoma zamani nilipoandika kadi, kwa haraka, kama mistari mingine. Bunda, mwezi wa nane. Mama fulani, kwa jina la kaka yangu. Vichwa, 2. Kasoro: "Mkono haukukaa."

Nikaitazama picha tena. Mkono wa kushoto ulikuwa umemzunguka mtoto. Wa kulia haukuwa gotini. Ulikuwa umelala juu ya tumbo, chini kidogo ya fundo la kanga, vidole vimefunguka.

Mimi nilikuwa nimeshatazama picha zote za mzee. Nilikuwa nimetazama mabibi harusi, masista, wajane, wenyeviti wa vijiji, wagomvi wa soko, na wote waliitii amri ile, wote walipeleka mikono magotini. Nikapekua daftari zote saba kwenye safu ile ya mwisho, nikatafuta maneno yale kwingine. Hayakuwepo kwingine.

"Mzee," nikamwuliza, "ukiandika mkono haukukaa, maana yake nini?"

"Maana yake nimemwambia mara tatu akakataa. Mara moja siandikagi."

"Unamkumbuka?"

Namshukuru kwamba hakunidanganya. "Simkumbuki, mwanangu. Walikuwa wengi." Ilikuwa mara ya kwanza kuacha kuniita mwalimu.

Nyumbani nilikuwa na kadi ya ubatizo. Ilisema nilizaliwa mwezi wa kwanza, mwaka uliofuata picha ile. Nikahesabu kurudi nyuma kwa vidole, pale pale mezani, kama mtoto wa darasa la kwanza, kisha nikahesabu tena. Mwezi wa nane nilikuwa na miezi minne tumboni. Hakuna aliyekuwa anajua bado, labda, zaidi yake. Mama mdogo aliyeshika mzigo hakujua. Mpiga picha alifikiri ni kiburi.

Nilichukua kalamu ili nifute ile 2 niandike 3. Mzee alisikia kalamu, au alinijua tu.

"Vichwa ni vinavyoonekana," akasema taratibu.

Nikaiweka chini. Kwa mara ya kwanza sikumbishia.

Mzee alifariki zamani, na daftari zake na makopo yake viko kwangu hapa Kamunyonge, pamoja na kadi zangu za maboksi ya sigara. Watu bado wanakuja, wajukuu sasa, nami nawauliza wa kwanza kwao aliitwa nani. Mama ananing'inia ukutani, msichana ambaye siku hizi angeweza kuwa mjukuu wangu. Jina la kaka nalitaja ndani ya nyumba kwa sauti, kwa kuwa aliyekatazwa asilisikie ameshakwenda kumfuata. Wageni wakitazama husema, "Huyo mama, na huyo aliyempakata ni wewe?" Nawaambia hapana, ni kaka yangu. "Na wewe ulikuwa hujazaliwa?" Nawaambia sijazaliwa.

Wakishaondoka nashusha daftari la nne na kufungua ukurasa ule. Wino umefifia lakini unasomeka. Picha ya mama amenipakata, ile niliyokua nayo, haikupigwa kamwe, na bado naitamani kama nilivyoitamani bwenini. Lakini mara tatu aliambiwa auondoe mkono wake juu yangu, mara tatu akakataa, na mzee akaandika. Kwenye safu ya vichwa simo. Nimo kwenye kasoro.